Nilivyomtafsiri Mama

Kwenye jalada la kaseti yangu ya kwanza waliandika kwamba nilizaliwa katika kibanda cha udongo kando ya msitu, na kwamba kilio changu cha kwanza kilijibiwa na ngoma. Niliyasoma hayo nikiwa jikoni kwa mume wangu, katika mji mmoja wa Ulaya ya kaskazini, kamusi ikiwa mkononi, maana lugha yao nilikuwa bado naibabaisha.

Nilizaliwa hospitali. Mama yangu alikuwa nesi mkunga Newala, na siku aliyonizaa alikuwa zamu. Alimzalisha mwanamke mwingine kwanza, akavua aproni, akapanda kitandani yeye. Kilo tatu na robo. Kadi yangu ya kliniki anayo mpaka leo, ndani ya bahasha ya kaki. Ngoma haikuwapo, labda kama walimaanisha beseni lililoanguka.

Nilicheka, nikamwonyesha mume wangu. Yeye hakucheka.

"Watu wa hapa wanataka hadithi," alisema.

Nikaona ni sawa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikia nikiwasema vibaya Wazungu wale hudhani nilidanganywa. Sikudanganywa. Nilikuwa na kamusi.

Nyumba yetu Newala ilikuwa ya matofali ya saruji, bati juu, na mfereji ulioshusha maji ya mvua kwenye tangi nyuma ya nyumba. Pale juu maji ni taabu. Wanawake walikuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, nusu ya siku imekwisha. Mimi sikuwahi. Tangi letu likikauka, mama alinunua maji kwa watu wa baiskeli. Nilikuwa mtoto wa nesi, mwenye soksi nyeupe, na niliwakunjia pua wenzangu waliokuja shuleni wananuka salfa ya kupulizia mikorosho. Dharau niliianza mapema; sikufundishwa na Ulaya.

Baada ya kidato cha nne nilijifunza kupiga chapa, nikapata kazi katika ofisi moja Masasi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ikiwa imefunguliwa. Maduka ambayo miaka yote yalikuwa na kiberiti na chumvi ya mawe yalijaa ghafla redio za kaseti, kandambili na mafuta ya nywele, na mitumba ilitundikwa kwenye kamba kuanzia stendi mpaka sokoni. Kila aliyeweza kununua magunia mawili ya korosho alijiita mfanyabiashara, akanunua miwani ya jua. Mmoja wa hao alifungua baa chini ya majabali ya Masasi, akaleta jenereta na magitaa, akaunda bendi. Alihitaji msichana wa kuimba. Mimi nilikuwa nimeimba kwaya ya kanisani tangu utoto, na nilikuwa na gauni.

Tulipiga Jumapili mchana. Nyimbo zilikuwa za Kizaire na hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kilingala. Nilizikariri kutoka kwenye kaseti, silabi kwa silabi, na wateja waliimba nami wamefumba macho. Watu wazima, makarani na wanunuzi wa korosho, walilengwalengwa na machozi kwa maneno ambayo huenda yalikuwa tangazo la sabuni. Nilijifunza pale kwamba mtu hahitaji kuelewa ndipo alie. Ni elimu mbaya kumpa msichana wa miaka ishirini na moja.

Mume wangu alikuwa mmoja wa waliokuja kusikiliza. Alikuwa mtaalamu wa pampu katika mradi wa maji, mrefu, mpole, amevaa kaptula na soksi zilizofika magotini. Kiswahili alikijua vizuri, hasa cha kuagiza na cha kulaumu. Jumapili ya tatu au ya nne alinifuata nikiwa nakunywa soda.

"Kwa nini huimbi nyimbo za kwenu?" aliuliza.

"Zipi?"

"Za Kimakonde. Za kweli."

Nyimbo za kweli nilizozijua zilikuwa za kitabu cha kanisani. Za Kimakonde nilijua nusu mbili tatu, nilizomsikia bibi akiimba akitwanga, na Kimakonde chenyewe nilikuwa nacho cha kusalimia na kununulia ming'oko, vile viazi vya porini. Lakini alikuwa amekuja na kinasa sauti chake, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Nikamwimbia zile nusu, na pale maneno yalipokwisha nikatunga. Alilia. Nilimtazama yule mtu mzima, mwenye digrii, analia kwenye kiti cha baa saa tisa mchana, nikamdharau. Mwaka uliofuata nikaolewa naye. Hayo mawili hayakugombana ndani yangu hata kidogo.

Mama alimhoji kwa dakika tano tu, kisha akanivuta jikoni.

"Anajua kufua nguo zake mwenyewe?"

"Anajua."

"Basi nenda."

Tulipohamia kwao aliacha pampu akawa meneja wangu. Muziki hakuujua, lakini alijua kupiga simu na kuvumilia kukataliwa. Tulianza kwenye kumbi za makanisa na shule, kisha matamasha ya kiangazi, kwenye viwanja vya majani ambako watu wenye magari mazuri huvua viatu ili wajisikie maskini. Nilivishwa gauni lenye madoa ya chui lililoshonwa kiwandani huko huko. Sijawahi kumwona mtu wa Newala amevaa madoa ya chui isipokuwa kwenye blanketi.

Wimbo ulionipa jina niliutunga ndani ya treni. Nilikuwa nimeishiwa maneno kabisa, nikakumbuka mama alivyokuwa akihesabu vitu vya kabati la wodini kila mwisho wa mwezi, mimi mtoto nimekaa kwenye benchi namsubiri: pamba, spiriti, mkasi, uzi wa kushonea, glovu jozi sita, dripu hakuna. Niliviimba hivyo hivyo, nikivuta vokali na kupindisha lafudhi. Nilipofika "dripu hakuna" nilishusha sauti mpaka chini kabisa, na ukumbi mzima ukashika kifua. Kwenye kijitabu cha kaseti iliyofuata mume wangu aliandika kwamba ni dua ya mwanamke anayeiombea mvua ardhi yake. Profesa mmoja mwenye ndevu alinifuata baada ya onyesho, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema amehisi ile mvua. Nilimwambia ahsante.

Niliimba hivyo miaka saba. Nilikuwa naletewa maua. Magazeti yaliniita sauti ya nyanda za juu, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kuuliza nyanda zipi, juu ya nini.

Halafu akaja mwongozaji wa filamu. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyezungumza kwa kunong'ona hata alipoagiza chai. Alitaka kutengeneza filamu ya maisha yangu, na alitaka kuipigia nyumbani kwetu. Tukasafiri wanne: yeye, mpiga picha wake, mume wangu na mimi. Kutoka Masasi tulipanda kwa Landrova ya kukodi, mchanga ukituvuta magurudumu, na mwongozaji kila akiona mtu na jembe anataka tusimame.

Mama alikuwa amestaafu. Alikuwa ameisugua sakafu nyekundu mpaka inang'aa, ametandika vitambaa vyake vya kufuma kwenye makochi yote, na ukutani ilining'inia picha yake ya kumaliza mafunzo, kofia nyeupe kichwani, mkao wa mtu asiyetaka mchezo. Alipika wali, kuku, na kisamvu cha nazi. Wageni walikula. Mwongozaji alitazama makochi, akatazama bati, akamnong'oneza mume wangu.

"Mama," mume wangu alisema kwa Kiswahili, "anauliza kama nyumba ya zamani bado ipo."

"Ya zamani ipi?"

"Alikozaliwa mke wangu."

"Alizaliwa wodi ya wazazi," mama alisema. "Ipo. Wameipaka rangi. Nitawaandikia kimemo mumpelekee matroni, atawaonyesha na kitanda chenyewe."

Mume wangu hakuitafsiri hiyo. Alisema kitu kuhusu kuku, kwamba ni mtamu.

Siku ya pili walishapata kibanda. Kilikuwa cha jirani yetu, mjane mzee, udongo na nyasi, na aliwakubalia kwa ahadi ya bati. Mwenyewe walimtoa nje kwa sababu alivaa sweta la mitumba lenye maandishi makubwa kifuani. Walimwomba kwanza alivue. Asubuhi za Newala zina baridi ya kweli.

"Nivue?" aliuliza. "Mbele ya wanaume? Kwa baridi hii?"

Akaenda kukaa barazani kwa mama, akawa anatazama watu wanavyohangaika na nyumba yake kama anayetazama wagonjwa.

Tukateremka bondeni nikachote maji. Ndoo za plastiki mwongozaji alizikataa, ukatafutwa mtungi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinitazama nikivaa kaniki niliyoazimwa na kuvua viatu. Nilijitwika. Nilipanda hatua kumi, labda kumi na mbili, shingo ikaniuma, mtungi ukaenda upande wake na mimi upande wangu. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja wao, tuliyesoma naye shule ya msingi, alisema, "Binti wa nesi, leo umeletwa na nini huku? Kwenu tangi limetoboka?"

Mwongozaji alinong'ona, "Anasema nini?"

"Anasema karibu nyumbani," nilimjibu.

Akafurahi sana. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza. Ilinitoka bila shida yoyote.

Aliyebaki alikuwa mama. Mwongozaji alimtaka aketi mlangoni mwa kibanda na kusimulia nilivyozaliwa. Nilikwenda kumwomba mimi mwenyewe, nikijua atakataa, na nadhani nilitaka akatae ili lawama iwe yake. Alikuwa anachambua mchele.

"Nitakaa," alisema. "Lakini nitasema ya kwangu."

"Sema unachotaka, mama. Hawajui Kiswahili."

Alininyanyulia macho. "Mumeo anajua."

Alikuja amevaa kitenge chake cha Jumapili na ile saa ya manesi ya kubana kifuani. Mwongozaji aliionyesha kwa kidole, akaomba itolewe. Mama alitikisa kichwa mara moja tu, na nikaona kwa mara ya kwanza mtu yule ananywea. Alimkalisha kwenye kigoda. Mama aliweka mikono magotini, akatazama kamera moja kwa moja kama anayetoa taarifa ya zamu, akasema:

"Mimi ni muuguzi mkunga, nimestaafu. Nimefanya kazi miaka thelathini. Mwanangu huyu nilimzaa hospitali, kitandani, kilo tatu na robo, bila matatizo. Nyumba hii si yangu. Ni ya jirani yangu, yuko pale barazani, naye hajui inahusu nini. Mwanangu hakulala hapa hata siku moja. Ameambiwa akae hapa na amekubali, na mimi namwona anavyokubali. Ni hayo tu."

Mwongozaji alikuwa ameshika mashavu. Alinong'ona kwamba macho ya mama yana karne nzima ndani yake. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha, na mama alipomaliza aliniangalia, akasubiri. Nilimwambia, "Ahsante mama," kama nilivyomwambia yule profesa.

Tuliporudi Ulaya ikabidi maneno ya mama yawekewe sauti ya lugha yao. Mume wangu ndiye aliyeandika. Mwongozaji alisema itapendeza zaidi binti akimsemea mama yake. Nilipewa karatasi ndani ya chumba kidogo chenye kuta za sponji. Ilisema: nilimzaa mwanangu hapa, peke yangu, alfajiri ya mvua; nilipomsikia akilia nilijua ardhi imempa sauti yake. Niliisoma mara moja, hawakuhitaji nirudie. Fundi wa sauti alimshusha mama polepole, akanipandisha mimi, mpaka mama akawa mvumo tu nyuma yangu.

Ningeweza kusema mume wangu alinilazimisha. Alikuwa ameketi nje anakula keki.

Filamu ilipendwa. Siku ya kuonyeshwa mara ya kwanza watu walisimama kupiga makofi. Baadaye, watu wakiwa wanakunywa mvinyo, alinifuata kijana mmoja wa Kitanzania aliyekuwa anasoma pale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Samahani, dada. Yule mama hakusema vile."

"Ni kwa kifupi," nilisema.

"Kwa kifupi alisema alikuzaa hospitali."

Hakuwa na hasira. Alicheka, akachukua glasi yake akaondoka, na ndani ya wiki mbili Watanzania wote wa mji ule walikuwa wananiita Mama Kibanda. Wao wenyewe walikuwa wanawaambia wenyeji kwamba baba zao ni machifu. Niliwachukia sana kwa muda, halafu nikachoka.

Kazi ilianza kupungua bila mtu kutangaza. Wale waliovua viatu walipata msichana mwingine wa kumvulia, kutoka nchi nyingine, mdogo kuliko mimi, naye meneja wake akawa mume wangu. Baadaye akawa mume wake pia. Nasikia naye alizaliwa kibandani. Mimi nikapata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kukunja mashuka, nikawa naimba kwenye arusi za Watanzania, zile nyimbo za Kilingala za Masasi, ambazo mpaka leo sijui zinasema nini.

Mwaka wa pili baada ya talaka nilirudi Newala peke yangu. Nilipanda basi Masasi asubuhi, nikafika nina mchanga mpaka kwenye nyusi. Mama alinipokea, akanipikia, akaniuliza habari za mgongo wangu. Alingoja mpaka nimemaliza kula.

"Mumeo alituma mkanda," alisema. "Niliutazama Masasi, kwa mwalimu mmoja mwenye video. Tulijaa sebule nzima."

Nilikusanya makombo mezani kwa kidole.

"Picha ni nzuri. Nikajiona mdomo unacheza. Kisha nikasikia sauti yako. Nikamwambia mwalimu, mashine yako imeharibika. Akasema hapana, mama, ndivyo wanavyofanya. Nilisema nini?"

"Mama..."

"Nauliza. Kwa lugha yao nilisema nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno, maana karatasi ile nilikuwa nayo kichwani. Alfajiri, mvua, peke yangu, ardhi. Alisikiliza kama anayesikiliza dalili za mgonjwa.

"Peke yangu," alirudia. "Palikuwa na manesi wawili na daktari msaidizi. Na uzito? Uzito ulisema?"

"Hapana."

"Hata uzito?"

"Hata uzito, mama."

Aliinuka, akaanza kutoa vyombo. Akiwa ameshika sahani alisema, bila kugeuka, "Ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza. Mimi najua kunyamaza." Kisha akaenda kuviosha, na nilipotaka kumsaidia alisema maji ni machache, atafanya mwenyewe.

Hatukulirudia tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Nilikuwa na majibu yangu tayari, mazuri, ya kizungu. Hayakupata pa kutumika. Siku zilizofuata aliniagiza sokoni, alinituma kwa fundi cherehani, alinitambulisha kwa watu: "Mwanangu, anafanya kazi hospitali huko nje." Haukuwa uongo. Jirani mjane alikuja kunisalimu. Bati alilipata, na sasa paa linavuja kuliko nyasi.

Jumapili mama alinitaka nikaimbe na kwaya. Nilidhani nitapewa wimbo wa peke yangu. Nilitoka nyumbani na shali ya hariri, nikipanga jinsi nitakavyokataa mara ya kwanza na kukubali ya pili. Mwalimu wa kwaya, mwanamke mnene mwenye kinanda kipya cha umeme, alinisikiliza mistari miwili. Alisimamisha kinanda.

"Dada, unavuta mno," alisema. "Sisi hatuvuti. Neno likiisha, liache liishe."

Nikajaribu tena. Nilishindwa. Kila mwisho wa mstari koo langu lilikwenda lenyewe, likishuka na kutetemeka, kama lilivyozoea. Vijana wa sauti ya besi walikuwa wanabana vicheko. Mwalimu aliniangalia kwa huruma, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye ukumbi wowote nilioimba, akanihamishia sauti ya pili, safu ya nyuma, kati ya wasichana wawili wa shule.

"Usiimbe kwa nguvu," alisema. "Wasikilize hawa."

Mama alikuwa benchi la tatu, kitabu mkononi, miwani puani. Nilifungua mdomo kidogo, nikamfuata msichana wa kushoto kwangu, ambaye alikuwa hakosei.